Kroshe ya Pili ya Kamyo ya Kalaba

"Miye sitatoboa kamyo yenye tumbo tupu," Casimir alisema, akaweka kekee yake chini. "Tangu asubuhi minasema. Iko inasimama pale mukia juu sawa jogoo, na weye unataka nipime. Nipime nini? Nipime uwongo?"

Kalaba, mwenye lori lile tunaloliita kamyo, alishika kofia. Alikuwa mtu wa kofia, na mtu wa kofia huigusa kwanza, anaisogeza kidogo upande, ndipo anafungua mdomo.

"Tata Casimir, kroshe ni kipande ya chuma. Unafunga nyuma ya kamyo, remorki inafuata. Iko nini ya kupima siku mbili?"

"Ile ya kwanza nilikuamini, nikapima kamyo tupu. Leo hapana."

"Ile ya kwanza ulifanya na chuma ya bikopo bya sardine."

Hapo Marceline, mke wa Casimir, aliyekuwa anavuta mivukuto, aliiacha ikalala. Moto nao ukashuka. Mimi nilikuwa nauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, ng'ambo ya barabara, na nawaambia, hata wanywaji wangu waliacha kunywa. Neno lile la sardine lilikuwa limekwisha zunguka mtaa wetu wote wa Kenya, Élisabethville, tangu mwezi wa nne, lakini hakuna aliyekuwa amethubutu kulisema ndani ya kiwanda cha Casimir, mbele ya nyundo zake.

Casimir hakugusa nyundo. Alisema tu, "Leta kamyo na muzigo yake. Kama hapana, peleka kwa wazungu."

Na hapo ndipo Kalaba alipokwama, maana kwa wazungu alikuwa amekwisha kwenda.

Niseme mambo yalivyokuwa. Ilikuwa mwaka wa 1953. Kalaba alikuwa mtu wa hapahapa, wa ukoo uliolima maeneo haya kabla reli haijafika, na alikuwa mmoja wa watu weusi wachache wa Élisabethville waliokuwa na kamyo kwa jina lao. Alichoma makala, yaani mkaa, msituni, njia ya Kipushi, akaileta mjini. Kamyo alilinunua limechoka. Kwa kuwa alitaka libebe kuliko lilivyozaliwa kubeba, aliongeza resori, yaani zile lame za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zilizopinda kama upinde, zinazokalia magurudumu. Lame nne kila upande, alizitoa kwenye kamyo lililokufa, na juu yake akatia kigogo cha mti mgumu. Kamyo likapanda. Likiwa tupu, nyuma yake ilifika kifuani kwa mwanaume. Watoto walipita chini yake bila kuinama.

Kisha akapata remorki, yaani tela, akamwomba Casimir amfungie kroshe. Casimir akamwuliza inabeba nini. Kalaba akasema, magunia sitini, basi. Casimir akapima kamyo tupu, akapunguza vidole alivyofikiri magunia sitini yatashusha, akafunga. Mwezi wa nne kroshe ile ilichomoka njiani, kamyo likirudi kutoka Kipushi. Remorki ikaenda peke yake mtaroni, magurudumu juu, magunia yakapasuka. Hakufa mtu. Lakini Kalaba hakuchunguza wala kuuliza. Alisimama sokoni saa kumi na moja, watu wakiwa wamejaa, akasema Casimir anafanya kroshe na vikopo vya sardine.

Miezi miwili baadaye, fundi aliyekuwa na kamyo tatu mlangoni kila wiki alikuwa anaunga vishikio vya sufuria. Na lililomtisha zaidi halikuwa sufuria. Casimir alikuwa na karatasi ya ofisi ya cité, yaani ya mitaa ya watu weusi, iliyomruhusu kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe, na karatasi ile iliangaliwa upya kila miezi sita. Fundi asiye na wateja, karatasi ya nini? Angerudi kubeba nyundo nyuma ya mtu mwingine, naye amekwisha pita miaka hamsini. Kroshe ya pili ikichomoka, ndiyo ingekuwa mwisho.

Kalaba naye alikuwa na shida yake. Mwenye mikate mmoja wa mjini alitaka makala ya kamyo na remorki pamoja kila wiki, kuanzia Jumanne. Gereji za wazungu zilimwambia arudi baada ya wiki tatu. Ndiyo maana Jumamosi ile alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyemtukana, anasogeza kofia.

"Nitaleta na muzigo," akasema mwishoni. "Lakini kesho ni Siku ya Mungu."

"Kupima si kufua chuma. Nitamuuliza Padri."

Padri hakuulizwa. Nafikiri Casimir alijua jibu, akaona afadhali asilisikie.

Mnajua watu wa aina yake, wasioweza kupita karibu na mlango bila kusema bawaba imefungwa vibaya. Alikuwa hivyo. Aliletewa chai, chai ina moshi. Aliletewa chaki, chaki ni laini mno, inaandika kidole badala ya chuma. Baba yake alitoka kaskazini, upande wa Kabalo, akija na reli, na Casimir alikulia katika sauti ya vyuma hadi akaingia mwenyewe kwenye karakana, kwanza kuwapigia wengine nyundo, kisha kushika koleo. Alikuwa na vidole tisa. Cha kumi alikuwa anakisema kama mtu anayesema jirani aliyehama: "Yeye alikuwa mbio sana." Mkewe Marceline alivuta mivukuto kuliko kijana yeyote aliyewahi kuajiriwa, na Casimir aliyewalalamikia wote hakuwahi kumlalamikia yeye. Kwa mtu kama huyo, hiyo ndiyo ndoa nzuri.

Mtu mwingine akivunjikiwa na kazi yake hulaumu chuma au hulaumu barabara. Casimir alipoletewa kamyo lile na dereva wa Kalaba baada ya ajali, alilala chini yake karibu saa nzima. Alitoka na uso wa mavumbi, akamwita Marceline.

"Angalia matundu," alimwambia. "Yale ya bulo."

Matundu ya bolti aliyoyatoboa mviringo, kwenye chuma cha nyuma cha shasi, fremu ya chini ya gari, yalikuwa yamevutwa kuelekea chini, marefu kama mbegu za boga. Remorki ikivuta, huvuta nyuma. Kama ni kuvuta tu, matundu yangevutwa nyuma, au chuma kingepinda kwa nyuma. Haya yalivutwa chini. Kitu kilikuwa kimekalia mkia wa kamyo lile, kikausukuma chini kuliko kimo cha remorki, mpaka remorki ikaegemea kroshe kwa uzito wake wote, na kila shimo la barabara likapiga palepale.

"Magunia sitini haifanyi vile," Casimir alisema.

"Sasa ni nini?"

"Sijui. Lakini hiyo kamyo iko na muzigo ingine, na mwenyewe hasemi."

Jumapili asubuhi, kabla ya Misa, Kalaba na dereva wake Adrien wakalileta kamyo limejaa magunia sitini, wakalisimamisha mbele ya kiwanda. Casimir alikuwa amevaa suruali ya Misa na fimbo yake ya kupimia mkononi, fimbo ya mwanzi yenye alama za kisu. Jana yake, Kalaba alipokubali kuleta mzigo, alikuwa ameweka alama ya kamyo tupu, ya kulinganishia. Sasa akaisimamisha tena nyuma ya shasi. Mkia ulikuwa umeshuka vidole vitano. Akakata alama ya pili.

"Unaona?" Kalaba akasema. "Bidole bitano. Sasa toboa."

"Na bantu?"

"Bantu gani?"

"Bantu bale banapanda juu."

Kalaba akacheka, akatazama pande zote kama mtu anayetafuta shahidi. "Kamyo yangu haibebe bantu. Ni kamyo ya makala. Bantu ni makosa, polisi wa bariyeri banakamata. Weye unajua."

"Minajua."

"Basi."

"Basi tuende Misa," Casimir akasema.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mtu wa Kenya alilijua, na Casimir naye mwishoni, na hakuna aliyekuwa analisema. Wanawake waliokuwa wanauza unga wa muhogo Kipushi, kwa wachimbaji, walienda na kamyo la Kalaba likiwa tupu, na walirudi nalo likiwa limejaa, wao juu ya magunia, pamoja na chumvi yao na vitenge vyao vya ng'ambo ya mpaka. Kalaba alipata chake. Na kabla ya bariyeri, kizuizi cha polisi cha kuingilia mjini, Adrien alipunguza mwendo, wanawake wakaruka, wakazunguka kwa njia ya mashamba, wakaungana na kamyo mbele. Polisi aliona magunia tu. Kalaba alihesabu magunia tu. Alizoea kuwaficha polisi, akazoea mpaka akamficha na fundi wake mwenyewe.

Misa ilipokwisha, watu wakatoka, na njia ya kanisani ilipita mbele ya kiwanda. Casimir alikuwa amesimama kando ya kamyo. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Bamama," alisema, "bale banatoka Kipushi na hii kamyo, minaomba bapande. Kila mutu pa nafasi yake ya kila siku. Niko napima."

Hakuna aliyesogea. Wanawake walitazama viatu vyao. Mmoja aligundua kwamba mtoto wake anahitaji kufutwa pua.

"Miye hata njia ya Kipushi siijue," akasema Mama Mwape, muuza unga mkubwa kuliko wote, na watu wakacheka, maana hata mbwa wa Kipushi walimjua kwa jina.

Kalaba akasogeza kofia. "Umesikia, Tata Casimir. Bantu hawako."

Casimir akamgeukia Mama Mwape peke yake. "Mama, ile siku remorki ilitoka, weye ulikuwa wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Miye sikuwa," Casimir akasema. "Lakini yenye alikuwa anakaa pa mukia, miguu inaning'inia juu ya kroshe, aliona chuma inapasuka kati ya miguu yake. Kesho kutwa kamyo inarudi tena na muzigo. Nikifunga kroshe kwa magunia peke yake, itapasuka tena. Sikamati mutu. Minapima tu."

Mama Mwape alimtazama Kalaba, kisha akatazama kamyo. Akakaza kitenge chake kiunoni.

"Yaya, dada yangu, nishikie kitabu ya nyimbo," alimwambia jirani yake. Akapanda.

Walifuata wengine, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, hadi wakawa ishirini na watatu. Na hapo Casimir aliona alichokuwa anatafuta tangu mwezi wa nne. Wote walikwenda nyuma. Kamyo zima lilikuwa na nafasi mbele, juu ya magunia, karibu na kichwa cha dereva, mahali pazuri pasipo na mrusho, na hakuna hata mmoja aliyekwenda huko. Walijipanga mkiani, mabega kwa mabega, miguu nje, wengine wamekalia mapaja ya wenzao.

"Sababu ya nini hamukae kule mbele?" akauliza.

"Mbele tutaruka namna gani?" akajibu Mama Mwape kutoka juu. "Bariyeri inafika, uko unavuka magunia sitini na chumvi ku kichwa? Weye Tata, unajua chuma, lakini kuruka hujue."

Sasa kicheko kilirudi, na safari hii Casimir naye alicheka, jambo ambalo kwa mwaka lilitokea mara mbili au tatu.

"Na bitu byenu, munabeba ngapi?"

Kila mmoja alisema chake. Casimir akaingia kiwandani, akatoka na vyuma vya taka, akawagawia, kimoja kwa kila mwanamke, mahali pa chumvi na vitenge, na Marceline akatandika magunia makuukuu mapajani mwao ili nguo za Misa zisichafuke. Walikaa pale juu, ishirini na watatu, wamevaa vizuri, kila mmoja amepakata chuma kama mtoto anayebatizwa. Katekista alipita, akaona, akaamua kutazama mawingu.

Casimir akasimamisha fimbo. Vidole sita vingine. Resori ngumu za Kalaba, zile zilizobeba magunia bila kulalamika, zilikuwa zimekunjika, maana magunia yalikalia gari zima, lakini watu walikalia nyuma ya magurudumu, pale ambapo kila kilo huning'inia. Akakata alama ya tatu. Kisha akampa Kalaba fimbo ile aishike mwenyewe.

Kalaba aliishika. Aligusa alama ya pili, akagusa ya tatu. Kofia alikuwa ameivua, sijui saa ngapi.

"Ungeniambia mwezi wa nne," Casimir akasema, "ningekufanyia ya kweli mwezi wa nne."

Jumatatu hatukulala kwa nyundo, na namaanisha Jumatatu mchana, saa ambayo mtu mwenye umri wangu hupenda kujinyoosha kidogo. Casimir hakugusa tena kile chuma cha nyuma kilichochoka. Alitengeneza sahani nene ya kushuka chini, kwa sababu mkia ule wa juu ulihitaji kroshe iliyoshuka, na kitu kinachoning'inia kirefu hupindika. Kwa hiyo akatoa mikono miwili ya chuma kutoka chini ya sahani, akaipeleka mbele, mmoja kushoto mmoja kulia, ikashike zile mbavu mbili ndefu za shasi zinazobeba gari lote. Mikono ile ndiyo ingekataa kusukumwa chini. Alitoboa matundu mapya kwa kekee, mbali na yale ya zamani, Adrien akiegemea kekee kwa kifua, Casimir akizungusha na kulalamika kwamba Adrien anapumua mno.

Kimo cha kroshe alikiweka kati ya alama ya pili na ya tatu, karibu zaidi na ya tatu.

Kalaba akaona. "Lakini sasa niko nabebesha magunia peke yake."

"Eeh."

"Minakuambia. Bamama basipande tena."

"Eeh," Casimir akasema, akaendelea kukaza bulo. Hakuishusha wala kuipandisha. Alikuwa anafungia kamyo linalotembea njia ya Kipushi, na lile alilijua kuliko mwenyewe.

Jumanne walikwenda. Casimir mwenyewe alikwenda, akakaa mkiani. Na juu, wakati wa kurudi, kulikuwa na wanawake kumi na tisa, kwa sababu wanne waliogopa. Casimir alikuwa na kamba, na kila waliposimama alishuka, akaivuta kutoka shasi mpaka mwisho wa remorki. Kamyo na remorki vilikaa kwenye mstari mmoja, kama ndugu wawili kwenye picha. Walipita pale kroshe ya kwanza ilipochomoka, shimo lilelile, Adrien hakupunguza mwendo. Mama Mwape alisema baadaye kwamba alifumba macho, akayafungua, akaona miguu yake bado ina kitu chini. Mwenye mikate alipokea mzigo wake kabla ya saa kumi.

Wiki ile ile kamyo mbili nyingine zilisimama mbele ya kiwanda. Lakini wenyewe walibaki barabarani, wakiuliza kwa mbali kama ile ya sardine ilikuwa kweli. Kroshe ilikuwa imeshika, neno la sokoni lilikuwa bado linatembea.

Na kulikuwa na gunia. Kroshe ya kwanza Kalaba alikuwa amekubali kuilipa kwa makala ya kufulia chuma, magunia manne, na la nne alikuwa amelizuia baada ya ajali, akisema halipi kitu kilichovunjika. Alhamisi alimtuma Adrien nalo. Casimir hakulipokea.

"Nani alilizuia?"

"Muzee."

"Ulimi wake ndio ulilizuia. Yeye mwenyewe alete."

Adrien akalirudisha. Nasikia Kalaba alikasirika vibaya, na kwamba kwake hakuna aliyesema neno hadi Ijumaa jioni, hata kuku walikula kimya.

Jumamosi, saa kumi na moja, soko likiwa limejaa, watu wakaanza kufungua njia. Nilisimama juu ya kiti changu kuona. Alikuwa Kalaba, kwa miguu, bila kofia, gunia la makala begani, shati lake jeupe limekwisha kuwa nusu jeusi. Alikuwa na kamyo nyumbani, na alikuwa anatembea. Alipita kati ya wauza samaki, akapita kwa wauza unga.

Mama Mwape hakuweza kujizuia, na mimi simlaumu. "Muzee Kalaba, hiyo makala ni ya nani?"

Kalaba alisimama. Jasho lilikuwa linachora mistari usoni mwake. Angeweza kupita.

"Ya Casimir," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Ni ya kroshe ya kwanza. Haikuwa makosa yake. Nilimuficha muzigo."

Akaendelea kutembea. Nyuma yake soko lilianza kusema vyote kwa pamoja.

Casimir alikuwa mlangoni. Alimtazama anavyokuja mpaka akafika, kisha akaingiza bega lake chini ya gunia, wakalishusha pamoja, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Imelowa kidogo," Casimir akasema, akifinya gunia.

"Ni jasho yangu."

"Itakauka. Tumemalizana."

Marceline akaleta beseni la maji na sabuni, akaliweka mbele ya Kalaba.

Nyuma yao, mwenye kamyo mmoja wa wale waliosimama barabarani alikuwa amekwisha kuvuka, anakuja mlangoni kwa Casimir.